Kumwagilia Nyumba

Babu yangu, Naamani bin Sleyum,
hakupiga picha ya mtu hata siku moja.
Watu wana haraka, alisema,
na vichochoro vya Mnisfa ni vya kivuli:
kioo chataka kuhesabiwa mia mbili ndipo kione.
Nani atasimama mia mbili asipanguse jasho?
Ukuta husimama. Ukuta haukuulizi utaulipa nini.

Kazi alijifunza Unguja, kwa Mgoa mmoja wa Shangani
aliyempiga kofi kwa kila kioo kilichovunjika,
akarudi Ibra na sanduku la msaji lenye miguu mitatu,
vioo dazeni kumi ndani ya makapi ya mpunga,
na kipande cha kaniki cha kujifunika kichwa.
Kaniki! walinong'ona.
Wenzake huenda Sawahili wakarudi na karafuu.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa chumvi ya fedha;
wageni walidhani hina ya bwana harusi.
Chumba chake cha giza kilikuwa stoo ya tende,
pale asali inapochuruzika chini ya magunia,
ndiyo maana picha zake za mwanzo zina sisimizi.
Mmoja yupo hadi leo juu ya mnara wa kilimani,
mkubwa kuliko mlinzi yeyote.

Lakini kioo hutaka maji, na Ibra maji yana wenyewe.
Mchana falaji hugawanywa kwa kivuli cha mti uliochomekwa,
usiku kwa nyota, na kila nyota ina shamba lake.
Babu hakuwa na mtende hata mmoja.
Akanunua nusu athari, robo saa tu, kila Jumatano alfajiri,
akachutama mferejini akisuuza vioo kimoja kimoja.
Mwenye zamu iliyofuata, Hudaidi, jembe begani, akamwuliza:
Wenzio wanamwagilia mitende. Wewe wamwagilia nini?
Nyumba, alisema.
Walimcheka mpaka Ramadhani.

Nyumba zile zilipimwa kwa boriti:
mkoko uliokatwa Rufiji, ukavushwa bahari,
na chumba kisithubutu kuuzidi urefu wake.
Mchwa hakujali safari ile.
Wenyewe walipohamia kwenye viyoyozi,
dari zikaanza kushuka, leo sebule, mwakani ghorofa,
na saruji ya kale, iliyopikwa kwa udongo na moto wa makuti,
ikarudi kuwa udongo.

Mwaka huu wamekuja wahandisi.
Wanataka kuujenga upya mlango mkubwa.
Nikawatolea vioo kutoka kabati la mablanketi.
Kijana mmoja akakiinua kimoja dirishani.
Hiki kina kasoro, akasema. Ukungu, hapa, pembeni mwa mlango.

Si kasoro. Huyo ni Bibi Thuweba.
Alimsimamisha pale awe kipimo:
simama tu, wajue mlango ulikuwa mkubwa kiasi gani.
Alipofika sitini, mtoto akalia ndani.
Akageuka. Akageuka tena.
Miguu hakuthubutu kuiondoa.
Tazama: nyayo mbili, vidole vyote kumi,
na juu yake hewa nyeupe inayosikiliza.

Kijana aliandika kitu, akakifuta.
Alikuwa na urefu gani?
Mie sikumwona. Alikufa baba yangu hajang'oa jino.
Ila shangazi, kila Idi akinikumbatia,
hurudi nyuma hatua moja akasema: kimo hiki si chako.

Basi nikavua viatu.
Nikasimama kwenye uwazi, palipokuwa mlango,
naye akavuta futi kutoka kisiginoni hadi utosini.
Usitikisike, akasema.
Nikaanza kuhesabu.
Nilikuwa nimefika tisini na kitu
mjukuu wangu aliponiita kutoka garini.